Uyoga wa Kutu

Terttu alikuwa akisafisha uyoga kwa brashi mezani, juu ya gazeti, alipofika kwenye mmoja uliomfanya aiweke brashi chini. Ule wa kula una mguu wa manjano. Huu ulikuwa na rangi ya kutu mpaka mguuni, na huo huua figo. Watoto wa mkoa wao wa Savo hulijua hilo kabla hawajajua kusoma. Aliyeuchuma ni mumewe, Reino, ambaye kwa miaka arobaini hakuwahi kukosea.

Akalikunja gazeti na uyoga wote uliokuwamo, akalitupa.

"Reino, jicho lina nini?"

"Halina kitu. Ukungu wa vuli tu."

"Ukungu gani huo wa mpaka jikoni?"

Reino akainamia kahawa yake. Jicho lenyewe ni moja. La kushoto lilitobolewa na fimbo ya kutelezea thelujini utotoni. Mwezi wa Machi retina ya hilo la kulia, utando wa ndani unaopokea mwanga, ilibanduka. Madaktari wakamfanyia upasuaji, wakalijaza jicho gesi ya kuibana retina mahali pake, naye akaagizwa alale kifudifudi wiki nzima.

"Rangi zinafifia tangu Agosti," akasema. "Imebanduka tena, najua. Sirudi kukatwakatwa. Niache nione hicho kilichobaki."

Hasira zilimpanda Terttu, lakini hofu ilizishinda. Hakubishana naye. Alichukua funguo za gari.

Hospitalini daktari alilichungulia jicho muda mrefu, Terttu akiwa ameshikilia kofia ya mumewe kwa mikono miwili.

"Retina imeshika vizuri," daktari akasema. "Huu ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Huwapata wengi baada ya upasuaji kama wako. Tutatoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, tuweke mpya. Si nilikueleza?"

"Siku hiyo nilikuwa kifudifudi, naongea na sakafu," Reino akajibu.

Walipotoka, Reino alisimama ghafla kwenye korido.

"Kila asubuhi nilikuwa nakutazama umelala. Nilitaka nikuweke akiba, kabla giza halijaingia."

"Kumbe! Nami nikadhani unanihesabia mikunjo ya uso, mzee wewe."

"Nayo nimeihesabu. Sikutaka kusahau hata mmoja."

Watu wa kwao hawalii mbele za watu. Terttu alilia palepale, wagonjwa wakipita, wala hakujifuta.