Selvi Hakusema Ana Njaa

Usiku wa jana, hata shuka halijapata joto, niliota nimeitwa ndani ya filamu ya Kitamil niliyoitafsiri mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Wito uliletwa na limau lenye pilipili saba, lile ambalo Watamil hulitundika mlangoni kuzuia mizuka.

"Zaituni mtafsiri ni wewe?" limau linauliza.

"Ni mimi."

"Vua viatu."

Nikavua. Ifahamike kwamba Kitamil sikijui. Kazi yangu ni kushika maiki na kuwaeleza watu wa mabanda ya video, Kondoa mpaka Babati, wahusika wanasema nini. Nisipoelewa, nachekesha. Watu wanacheka, nami naitwa fundi.

Ndani namkuta Selvi, bibi harusi aliyekufa, ameketi jamvini na shangazi zake wawili, nao mizuka. Nywele zinamchuruzika maji. Mbele yake sahani za wali zimepangwa hadi darini.

"Dada," ananiambia, kwa sauti yangu mwenyewe, "pale kisimani niliongea dakika tisa nikilia. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema una njaa."

"Na humu unachosema ndicho kinachokuwa. Tangu siku hiyo nakula tu. Mjomba Velu aliyenitumbukiza kisimani ndiye anayenipakulia, na kila nikitaka kumkaba, mkono unakwenda kwenye tonge."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikamwambia sitoki humo mpaka niyarekebishe.

Papo hapo tuko bandani Kondoa, saa tisa alasiri. Hatukutembea. Selvi yuko kwenye skrini, anaanza upya zile dakika tisa, na safari hii namsikiliza. Namtazama mikono, namtazama macho, mpaka naelewa.

"Chekesha!" mabenchi yanapiga kelele. Si watu, ni mabenchi yenyewe.

"Leo sichekeshi."

Mjomba Velu anachungulia pembeni mwa skrini, upawa mkononi. "Dada Zaituni, tusifike huko. Sema aliteleza. Sema hata mimi nililia."

"Hakulia," masharubu yake yanasema. "Tungelowa."

Nikashika maiki kwa mikono miwili. "Anasema hana njaa. Anasema mjomba wake Velu ndiye aliyemtumbukiza kisimani ili arithi nyumba, na hajamsamehe."

Kisima kikaingia kwa mlango wa mbele, kikaomba radhi kwa kuchelewa, kikakaa miguuni pa Velu. Lakini filamu zile haziui mtu kabla ya wimbo. Tukacheza sote, shangazi, limau na Velu mwenyewe, jasho likimtoka. Hakukosea hata hatua moja. Wimbo ulipokwisha akatumbukia.

Selvi akaisukuma sahani. Mkono wake ukatulia.

"Asante, dada. Nitapita kwako nikienda zangu. Usinipakulie."

Nikaamka kumekucha. Jikoni, mfuniko wa sufuria ya wali wa jana ulikuwa umewekwa kando, wala hapakupungua punje. Kutoka hapo hadi mlangoni kulikuwa na nyayo za maji, ndogo, za mtu asiyevaa viatu.

Sikuzipiga deki. Nilizipita kwa kando, nikaenda kuwasha maiki.