Usifungue

Siku za mwanzo Kadii alikuwa akimaliza kuimba anatema damu, na wala hakuona haya kuitema mbele za watu. Aliifukia kwa kidole cha mguu, akarudi kwenye maikrofoni. Wapo watakaosema huko si kuimba. Waseme. Mwenye kelele hana neno, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumsikia Kadii.

Bendi yao iliitwa Mvi, na walikuwa watatu tu, Kadii akiwa msichana pekee. Ziro, mpiga ngoma, ndiye aliyeendesha mashine ya kusaga mahindi ya baba yake huko Jilore. Dedan, mpiga gita, alikuwa fundi wa pikipiki, mzaliwa wa Malindi wa wazazi waliotoka bara. Walifanyia mazoezi kwenye stoo, nyuma ya banda la mashine, na walipiga mashine ikiwa inanguruma ili kelele zao zizame ndani ya kelele zake. Ziro akishamimina mahindi ya mteja, hurukia ngoma. Akina mama waliongoja unga mbele walikuwa wakimhurumia. "Mwanangu, hii mashine yenu inaumwa. Mwambie babako aite fundi."

Ngoma zenyewe zilikuwa mapipa ya plastiki yaliyowambwa ngozi ya mbuzi, na pedali Dedan aliiunda kwa mnyororo wa baiskeli. Gita lilipitia ndani ya redio mbovu, likatoka linalia kama msumeno unaokata bati. Muziki huo Dedan aliuita panki, na ule mkali zaidi, unaokimbia mpaka ngoma zikakosa pa kupumulia, akauita graindi. Wimbo mmoja ulikwisha kabla hujapiga miayo miwili. Haukutungwa kumliwaza mtu, ulitungwa kumpiga. Siku moja Kadii aligeuka na maikrofoni katikati ya wimbo, akamng'oa Dedan jino la mbele. Dedan alicheka huku damu inamtiririka kidevuni, akaomba waurudie tangu mwanzo.

Jina la Mvi lilikuwa na sababu. Huku kwao mvi ni kesi. Mzee akiota mvi, na ana shamba zuri, na wanawe wamechoka kungoja, basi siku moja mtoto wa jirani atapata homa, na mzee ataitwa mutsai, yaani mchawi. Baada ya hapo ni mapanga. Ndiyo maana wazee wa watu, wenye vitukuu, wanapaka piko, rangi nyeusi ya nywele, kichwani kama mabwana harusi.

Babu yake Kadii, mzee Kambi, alipaka piko kila mwezi. Kadii alimwita Tsawe, kama wajukuu wote wa Kigiriama wanavyomwita babu, na ndiye aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki. Mzee alikuwa na maringo ya kuchekesha. Aliwaambia watu anapaka piko kwa kuwa anatafuta mke mdogo Malindi, mwenye meno yake yote. Lakini kabla ya kufungua kopo la piko alichungulia njia kwanza, na Kadii alijua si mke anayemfikiria.

Nyumba ya Tsawe ilikuwa ya udongo, kuta nene, na humo ndimo Kadii alimojifunza sauti yake kila alfajiri. Mzee alikaa kitandani, akanywa chai yake, akamkosoa. "Hiyo ya leo ni ya mbuzi aliyechinjwa kwa kisu butu. Itoe tumboni, Kadii. Koo ni mlango tu."

Wimbo wao mkubwa ulikuwa ni hadithi aliyopewa na Tsawe mwenyewe. Jirani yao, mzee Kitsao, alikatwa mapanga mbele ya nyumba yake miaka kadhaa nyuma. Alitoka nje mwenyewe, akaubana mlango kwa mgongo wake, akamwambia mwanawe aliyekuwa ndani: "Kazungu, usifungue." Kazungu hakufungua. Tsawe alisikia yote, maana alikuwa amejilaza kwenye mihogo ya Kitsao, amejitia mchanga mdomoni asije akapiga kelele. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

Kadii aliposikia alimchukia Kazungu. Mwanamume mzima, na panga lake ndani, anakaa anasikiliza babake akikatwa! Tsawe alimkumbusha kwamba mke wa Kazungu alikuwa humo humo ndani, mjamzito wa kujifungua. Lakini wimbo ulikuwa mfupi, haukuwa na nafasi ya mke mjamzito. Ulikuwa na nafasi ya kulia jina tu, "Kitsao! Kitsao! Kitsao!", halafu neno moja la mwisho lililotoka kama kuni inayopasuka: "Usifungue!"

Sasa hapa ndipo pana jambo ambalo Kadii, kwa akili zake zote, hakuliwaza. Mimba ile ilizaa mtoto wa kiume. Na mtoto wa kiume wa Mgiriama anapewa jina la babu yake. Kwa hiyo ng'ambo ya ua, katika nyumba ile ile, alikuwako Kitsao mwingine, mwenye meno ya maziwa, anayekimbiza kuku. Kazungu hakuitwa Kazungu tena, aliitwa Baba Kitsao. Na kila alfajiri, kutoka nyumba ya mzee mwenye mvi zilizofichwa, ilisikika sauti nzito isiyo ya mtu ikiliita jina la mtoto yule; neno la mwisho halikuvuka zile kuta nene.

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyeliwaza jambo hilo ni Fondo, baba mdogo wa Kadii, mwana wa mwisho wa mzee Kambi. Alikuwa amelitaka shamba la kando ya barabara kwa muda mrefu, na babake alimjibu kila mara kwamba atalipata akishamzika. Fondo alimjua binti huyo wa kaka yake na muziki wake. Aliwahi kusimama mlangoni mwa stoo, akacheka mpaka akakaa chini. Alfajiri moja aliegemea ukuta wa nyumba ya babake, akanyoosha simu, akanasa sauti. Kisha akangoja.

Mtoto Kitsao akapata homa. Alifariki njiani, mgongoni mwa mamake, kabla hawajafika barabara kubwa.

Siku ya mazishi Tsawe alitaka kwenda kumpa Kazungu pole. Alikuwa na mvi zimechomoza pembeni, kwa hiyo alasiri hiyo Kadii alimkalisha kwenye kigoda mbele ya nyumba, akakoroga piko, akaanza kumpaka. Alishamaliza upande wa kulia aliposikia ngurumo. Ilitoka kwenye maspika ya matangani, yale makubwa ya kukodi yanayopigiwa disko. Ngurumo ikapanda, ikawa sauti, na sauti ilikuwa yake mwenyewe. "Kitsao! Kitsao! Kitsao!"

Kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, Kadii alifurahi. Hakuwahi kujisikia kwenye spika kubwa. Ilikuwa sauti nzuri, nzito, iliyojaa mashamba yote mpaka kwenye minazi ya ng'ambo, na alitamani Ziro na Dedan wangekuwapo waisikie. Kisha sauti ikakatwa kabla ya neno la mwisho, pakawa kimya, halafu mamia ya watu wakapiga ukelele kwa pamoja. Piko likamdondoka mkononi.

"Tsawe, simama. Twende."

"Kwa magoti haya?" Mzee alikuwa akitazama njia. Vumbi lilishapanda. "Ingia ndani."

"Tsawe, nitawaambia ni mimi!"

"Watakuua wewe, kisha wataniua mimi. Ingia, Kadii. Nimeshajilaza kwenye mihogo mara moja, sitaki mara ya pili." Alimsukuma kwa nguvu ambazo hakujua mzee anazo, akavuta mlango, akauegemea kwa mgongo. Kadii alisikia mifupa ya mabega yake ikigonga mbao. "Usifungue," alisema mzee Kambi.

Mkono wa Kadii ulikuwa tayari juu ya komeo. Ukabaki hapo hapo.

Aliwasikia wakifika. Miguu, fimbo zikipigwa kwenye ua, "Mutsai! Mutsai!" Jiwe la kwanza liligonga ukuta. La pili liligonga kitu kisicho ukuta, na mzee akaguna. Kadii alijiambia fungua. Alijiambia hivyo tena na tena, kwa sauti ya ndani, mkono ukiwa umeganda, mkojo ukimteremka mapajani. Yeye aliyemng'oa mwenzake jino kwa furaha, aliyetunga wimbo kumcheka mtu asiyefungua, alisimama nyuma ya mlango muda wote ambao wimbo wake huchukua, tangu pigo la kwanza la ngoma hadi neno la mwisho. Panga likashuka nje. Likashuka tena, na safari hii mlango wenyewe ulitikisika, na kitu kizito kikateleza juu yake kwenda chini.

Ndipo alipofungua.

Mzee alianguka ndani, chali, kichwa juu ya miguu yake. Nusu ya nywele ilikuwa nyeusi ti, nusu nyeupe, na shingo ilikuwa imefunguka. Mbele yake alisimama Kazungu na panga, amevaa shati jeupe la mazishi, shati limeshalowa. Nyuma yake vijana, na Fondo katikati yao.

Kadii alifumbua mdomo ili alie. Kilichotoka si kilio, ni ile sauti. Ilitoka tumboni kama alivyofundishwa. "Kitsao! Kitsao! Kitsao!" Vijana wa mbele waliruka nyuma, wakaangushana. Mwanamke mmoja alianza kusali. Kadii hakukoma, aliimba mpaka mwisho, lile neno ambalo simu haikulicheza, na safari hii akalitia na jina: "Kazungu, usifungue!"

Kazungu alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi usingizini.

"Neno hilo umelitoa wapi?"

"Kwa huyu." Kadii aliongea sasa kwa sauti yake ndogo ya kila siku, iliyokwaruzika. "Alikuwa kwenye mihogo yenu siku ile. Wimbo ni wa babako, Baba Kitsao. Si wa mtoto. Nilikuwa namlilia babako."

"Anadanganya!" Fondo alipaza sauti. Jasho lilikuwa likimtoka. "Mmalizeni na yeye! Sauti ni yake, huyu ndiye aliyekuwa akiita kila alfajiri, mimi nilisimama pale ukutani nikamsikia kwa masikio yangu!"

Hakuna aliyesogea. Hata Fondo mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, kwa kuwa alikuwa ameyasikia maneno yake.

Kazungu aligeuka polepole. "Ulijua ni msichana," alisema. "Ulisimama ukutani, ukajua ni msichana, ukaja kwenye kaburi la mwanangu ukasema ni mzee."

"Kazungu, ndugu yangu..."

Panga lilimkata Fondo mkono aliouinua kujikinga, likafika mfupani. Alipopiga magoti Kazungu alimpiga tena, begani, na tena, bila ya kusema neno, na vijana waliokuja kuua walikimbia hovyo, wakakanyaga kigoda, wakakanyaga kopo la piko, wakaacha nyayo nyeusi hadi kwenye ua. Fondo alitambaa hadi kwenye bomba la maji, akalikumbatia, akalala hapo akihema. Panga lilimponyoka Kazungu lenyewe.

Dedan na Ziro walifika kwa pikipiki, Ziro bado ana unga mpaka kwenye kope. Walikuwa wamezisikia spika. Walimtazama mzee, wakamtazama Fondo, kisha Dedan akavua shati, akaanza kumfunga Fondo ule mkono, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa bado wa kufungwa. Ziro alikwenda barabarani kuwangoja askari.

Kadii alikaa kwenye kizingiti, kichwa cha Tsawe mapajani. Alijaribu kumfuta damu usoni, akazidi kumpaka piko. Kazungu alikuja akakaa upande wa pili wa mlango. Hakuna aliyemwogopa mwenzake tena.

"Alikwambia nini alipovuta mlango?" aliuliza Kazungu.

"Usifungue."

"Nawe ukafungua."

"Nilichelewa," alisema Kadii. "Nilisimama tu. Nilisimama wimbo mzima."

Kazungu alitikisa kichwa. Aliutazama mlango, mbao zake zilizokatwa, na ile alama ya damu iliyoteremka. "Mimi nimesimama pale tangu siku ile," alisema. "Kila alfajiri nilikusikia. Nilidhani ni yeye, baba, amekuja kuniuliza." Akaanza kulia, kwa sauti mbaya, isiyo na mazoezi.

Kadii alitaka kumchukia, maana damu ya Tsawe ilikuwa ikikauka kwenye shati lile jeupe. Alimchukia kweli. Lakini aliujua mlango sasa, na alijua ni nini alichokiacha nje ya wimbo.

Kutoka upande wa kaburi jipya, mwanamke alikuwa akija kwenye njia ya mihogo, akijikwaa, kanga imemvuka begani, na alikuwa akimwita mumewe kwa jina pekee alilozoea kumwita.

"Baba Kitsao! Baba Kitsao!"

Kazungu aliinamisha kichwa.

"Itika," Kadii alimwambia. Sauti ilikuwa imemwisha kabisa, ilitoka pumzi tu. "Huyo ndiye uliyeufunga mlango kwa ajili yake."

"Baba Kitsao, uko wapi?"

"Niko hapa," aliitika Kazungu.