Daktari Alipokuta Mawazo Kichwani Mwangu

Niliota usiku wa jana kwamba mimi, Ngonyani fundi cherehani, nimekwenda hospitali kwa sababu mkono wangu wa kushoto hauniheshimu tena. Tangu juzi ulikuwa ukidondosha vifungo. Nilitaka kujua kama kichwani kuna kitu.

Dokta Kayombo, bingwa wa ubongo, alikuwa akinitazama kwa darubini kutoka hatua mbili. "Hatumgusi mgonjwa," alieleza. "Akiguswa anaanza kujieleza."

Akanipa karatasi. "Chora saa tano kamili."

Nikachora mshale mrefu kwenye kumi na mbili, mfupi kwenye kumi na moja.

"Nimesema tano."

"Saa tano mshale huwa kwenye kumi na moja, dokta."

Akaandika: mgonjwa anachanganya namba. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, mshale mfupi ukiwa kwenye kumi na moja, akamwambia nesi kwamba ni saa tano, wakati wa chai.

Alipokuwa anakunywa, nyundo ndogo ya mpira, ile ya kugongea magoti, ikakohoa mezani. "Mwambie anyooshe mikono yote miwili, afumbe macho," ilisema. "Wa kushoto utashuka. Hata mwanafunzi angeliona hilo."

"Wewe ni kifaa cha bei rahisi," dokta aliijibu. "Huruhusiwi kuzungumza kabla ya mashine."

Tunaingia chumba cha mashine, lakini ni studio ya picha, yenye pazia la maporomoko ya maji. Ubongo wangu umeshakaa kwenye kiti, umevaa koti nililomshonea shemeji yangu.

"Usitikisike," inaamrisha mashine kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Ubongo unaonyesha kwa kidole mahali panapouuma. Hakuna anayeuuliza.

Picha inatoka. Dokta anaishika juu chini. "Safi kabisa. Tumekuta mawazo tu."

"Mangapi?"

"Arobaini na kitu. Inabidi yapunguzwe."

Nesi analeta beseni na koleo. Linatoka wazo la kwanza: kipimo cha kiuno cha diwani. Sawa. Inatoka njia ya kurudi nyumbani. Kisha linatoka jina la binti yangu, linapaparika kama kifaranga.

"Hilo nalitumia!" napiga kelele.

"Wagonjwa wote husema hivyo," anasema nesi, na kulitupa kwenye beseni.

Nyundo inaruka kutoka mezani na kumgonga dokta gotini. Mguu wake unafyatuka, unalipiga teke beseni, mawazo yangu yanatawanyika sakafuni. Nimepiga magoti nayaokota, kwa mkono wa kulia peke yake. Dokta anayakanyaga akitafuta kalamu yake.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha. Mke wangu, Mama Skola, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha chai. Nikamsimulia yote. Hakucheka.

"Baba Skola, mbona maneno yanakutoka yamelegea hivyo?"

"Ni mawazo tu," nikamjibu, nikapokea kikombe na kupiga funda.

Chai ikachuruzika kwenye kona ya kushoto ya mdomo, ikapita kidevuni, ikadondokea shuka. Sikuihisi. Nilijua tu kwa kuliona doa, na Mama Skola alikuwa ameshafika mlangoni, peku, anamwita jirani mwenye gari.