Figo Mbili za Dada

Mtaani walimwita Fundi Suruali, kwa kuwa hakuwahi kukubali kushona gauni hata abembelezwe vipi. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe ni ule usioondoka kwa kulala. Mwaka wa pili sasa, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alijikongoja hadi chumba cha kusafishia damu, akapanda mzani, akaegemea kiti na kunyoosha mkono wa kushoto. Muuguzi alimchoma sindano mbili, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha. Kwa saa nne mashine ilifanya kazi ambayo figo zake zilikuwa zimeisusa. Alipoinuka hapo alikuwa hoi, miguu kama ya kuazima.

Kilichomtesa zaidi ni kiu. Aliruhusiwa vikombe vitatu tu kwa siku, chai na mchuzi humohumo. Jumapili moja joto lilimzidi nguvu, akabugia chupa nzima ya maji bila kupumua, kisha nyingine. Kesho yake mzani ukamuumbua: kilo nne za ziada. Mashine ilipoanza kuyavuta maji hayo, presha ilishuka, misuli ya miguu ikakaza, naye akapiga ukelele hadi wagonjwa wenzake wakageuza shingo.

Dada yake mkubwa, mpishi wa shule ya bweni, alikuwa amekuja kumtazama. Alimkanda miguu mpaka maumivu yakatulia.

"Sasa basi," alisema. "Chukua figo yangu moja. Ninazo mbili, zote za nini?"

"Dada, tulishayamaliza hayo."

"Uliyamaliza wewe. Mimi nimekubeba mgongoni tangu mama alipotutoka, leo nishindwe na kitu cha ukubwa wa ngumi?"

Mwaka mzima Fundi alikuwa amekataa. Siku ile hakuwa na nguvu hata ya kubishana. Akatikisa kichwa kukubali, na usiku huo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akajiruhusu kutumaini.

Dada alipimwa damu, akapimwa mkojo, akapigwa picha za tumbo. Wiki mbili baadaye waliitwa wote wawili. Dada alikuja na begi la nguo na kandambili mpya, tayari kulazwa siku hiyohiyo. Daktari alilitazama lile begi, akavuta karatasi na kuchora duara lililojaa mistari iliyosokotana.

"Mama, ndani ya figo kuna mafundo ya mishipa midogo mno, maelfu kwa maelfu. Damu inaingia kwa kusukumwa, na ule msukumo unayapenyeza maji, chumvi na taka kwenye kuta zenye vitundu. Chembe za damu na protini ni kubwa, hazipiti. Kwa siku zinachujwa lita zipatazo mia na themanini. Karibu maji yote yanarudishwa mwilini, kidogo kinachobaki ndicho mkojo."

"Na zangu?"

"Zako zinavuja. Tumekuta protini nyingi kwenye mkojo. Presha yako nayo iko juu, inaelekea kwa miaka. Miguu haijawahi kuvimba?"

"Si kusimama jikoni huko?" Sauti ya dada ilififia.

"Huwezi kumtolea mtu figo, mama. Hizo mbili unazihitaji mwenyewe. Ila tumezikuta mapema, na dawa zipo."

Dada alijifunika uso kwa ushungi. "Nimekuja kumponya mwenzangu, kumbe mgonjwa ni mimi!"

Kile kiti, zile sindano, vile vikombe vitatu, vyote vikamrudia Fundi kwa mkupuo. Alitamani kuinuka aende akalale. Lakini dada alikuwa analia, naye hakuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya mama. Akavuta kiti chake karibu.

"Daktari, niandikie mimi hizo dawa zinavyomezwa. Huyu namjua, atazisahau kwenye masufuria."

Kuanzia hapo, siku zisizo za mashine, Fundi alipitia jikoni kwa dada kila asubuhi. Alifika akihema, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akangoja mpaka dada ameze dawa.

"Na hiyo chumvi, dada."

"Niko jikoni kwangu, nawe unanifundisha kupika?"

"Kwa wanafunzi mwaga utakavyo. Sahani yako naichunga mimi."

Baada ya miezi minne vipimo vilirudiwa. Protini ilikuwa imepungua kwa zaidi ya nusu, na presha imetulia. Dada alitoka kwa daktari mbiombio, akamkuta mdogo wake kwenye mashine, amefumba macho.

"Dawa zimeshika," alimnong'oneza. "Figo zinachuja vizuri."

Fundi hakufumbua macho. Alitafuta mkono wa dada kwa mkono wake usio na sindano, akaubana. Saa mbili na nusu zilikuwa zimebaki.

"Kaa basi," alisema. "Leo usiwahi kuondoka."