Nani Aliifungua Difu

Baba Mdogo alicheka mpaka chai ikampalia. Alikuja kuuliza jambo dogo tu. Chama chao cha magari ya zamani kilikuwa kinaandaa maonyesho, na kila gari lingewekewa kibao chenye jina la mtu aliyelitengeneza. Gari letu la michezo, lile dogo la viti viwili lenye wekundu uliopauka, lingeandikwa jina la marehemu baba. Ndipo mama akaweka kikombe chini na kusema, "Gia za nyuma nilibadilisha mimi, shemeji. Kaka yako hakuzigusa."

Sasa, mimi nina ugomvi wangu na watu wanaocheka kabla ya kusikiliza. Lakini tusidanganyane, hata mimi nilidhani mama anatia chumvi. Mama ni mkunga mstaafu. Fundi ni mimi, mwenye gereji yangu na mikono isiyotakata kwa sabuni yoyote, na maishani mwangu sijawahi kumwona mama ameshika spana. Nikamwambia haya, hebu tusimulie.

Akasimulia bila haraka. Baba alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali, migodini, akamwachia gari. Zahanati ya mama ilikuwa mlimani, na gari lile liliundwa kwa mbio za barabara tambarare. Likifika kwenye mwinuko linaishiwa pumzi, na huko juu kuna mwanamke kashikwa na uchungu. Siku moja mama alichelewa. Hakueleza kilichotokea, nasi hatukuuliza. Baadaye akatafuta pikapu ndogo iliyokufa, ya kiwanda kilekile, akachomoa difu yake, yaani lile fundo la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, akaifunga kwenye gari. Kazi aliijua kwa kumshikia baba taa miaka nenda rudi. Kuanzia hapo gari lilipoteza mbio, lakini likapanda mlima kama mbuzi.

Baba aliporudi alilipandisha mlimani, akashuka meno yote nje. Akatangaza kwamba kabureta aliyoirekebisha kabla ya safari hatimaye imekubali. Hapakuwa na sherehe ambayo hakuisimulia kabureta ile. Nimekua nayo mimi. Na kila akimaliza, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi.

"Nilimwona amefurahi, nikaona nisimharibie," mama akasema. "Lakini kwenye kibao, hapana. Pale waandike kweli."

Baba Mdogo akasema kwa upole wa kuudhi kwamba huzuni humchezea mtu akili. Mama alinigeukia mimi, na sikupenda alivyonitazama. Hakutaka huruma yangu, alitaka nimwamini, nami moyo ulikuwa unagoma. Nikasema twendeni bandani, gari lenyewe litatuambia.

Uzuri wa difu ni kwamba huna haja ya kuifungua ili ujue ina gia gani. Unahesabu tu. Gurudumu likizunguka mara moja, propela, ile shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka mbele, huzunguka mara kadhaa. Kwa gia za kiwandani za gari hili ni karibu mara nne, pungufu kidogo. Hilo Baba Mdogo analijua kama jina lake. Kwa zile za pikapu ni mara nne na nusu na ushee. Ni tofauti ndogo, lakini heshima ya mama ilikuwa humo.

Nikazuia magurudumu ya mbele kwa matofali, nikaachia breki ya mkono, gia nikaiweka huru. Nikainua gurudumu la nyuma la kushoto kwa jeki na kuweka stendi. Nikachora mstari wa chaki kwenye tairi, na mwingine kwenye propela. Baba Mdogo akajilaza chini juu ya gunia na suruali yake safi, maana hakutaka nihesabu peke yangu. Nikazungusha tairi mzunguko mmoja.

"Mbili na robo na kidogo," akasema, akacheka tena. Hiyo haikuwa ya kiwandani wala ya pikapu. Akauliza kama shemeji yake alifunga gia za cherehani.

Nikarudia. Jibu lilelile. Uso ukaniwaka. Mama alikuwa amesimama mlangoni kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Nikazunguka nyuma, nikaliona gurudumu la kulia limekanyaga sakafu, nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Fundi mzima! Kazi ya difu ni kugawa mzunguko kati ya magurudumu mawili. Moja likizuiwa, jingine linachukua na fungu la mwenzake, linakwenda maradufu. Hili nililoinua lilipaswa kuzunguka mara mbili ndipo ihesabiwe moja. Hamu ya kujua ilikuwa imenitangulia.

Nikamwomba Baba Mdogo ahesabu upya, kwa sauti. Nikaanza kuzungusha taratibu. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika nne, sauti yake ilikuwa imeshuka. Chaki ya propela ikafika nusu, ikavuka nusu kwa upana wa kidole, ndipo tairi likamaliza mzunguko wa pili.

"Nne na nusu na ushee," akasema. "Nisamehe, shemeji."

Mimi nilifurahi kupita kiasi, nikatamani kumkumbatia mama na kumwomba radhi na mimi. Yeye aliomba tochi. Alitaka kuiona kazi yake, akasema, hajaitazama tangu siku ile. Akajishika kiuno, akainama, nami nikammulikia. Difu ile hushikwa na nati nane kuzunguka uso wake, kila moja kwenye stadi yake, yaani skrubu isiyo na kichwa. Akaanza kuzigusa moja moja katikati ya tope na grisi, anatabasamu. Alipofika ya chini kabisa, kidole kikasimama.

"Hii ilinikatikia," akasema. "Stadi ilikatika, nikaiacha hivyohivyo, nikaziba kwa sabuni mafuta yasivuje. Nani ameiweka?"

Stadi ilikuwa pale, nzima, ndefu kuliko wenzake. Nati yake ilikuwa na doa la rangi ya njano, lile ambalo baba alikuwa akipaka kila nati aliyomaliza kuikaza. Kutoa stadi iliyokatika pale lazima uishushe difu yote, na ukiishusha, gia zinakutazama usoni.

Mama alielewa kabla yangu. Akakaa juu ya tairi la akiba.

"Alijua," akasema. "Alijua, na miaka yote hiyo akaniacha nimpigie makofi."

Baba Mdogo akajitoa chini ya gari, vumbi mgongoni. Akasema pengine kaka yake aliona haya, pengine alikuwa anangoja mama aseme kwanza. Akauliza kama kwenye kibao waandike majina yote mawili. Nilimpenda sana baba yangu, na nilitamani mama akubali.

"Moja," mama akasema. "Langu. Wakiuliza ile stadi ni ya nani, nitawaambia ni ya mume wangu."