Uzi wa Samaki Mkavu

Jumamosi moja ya Novemba, wakati kila nyumba inatia kabichi chumvi, Fundi Tak alivuta turubai lililokuwa limefunika gari la Mzee Maeng tangu 1981. Matairi yalikuwa yamegandia sakafuni. Ndani ya kichujio cha hewa panya walikuwa wamezaa vizazi kadhaa na kuhama. Fundi akapangusa kioo cha abiria kwa kiwiko, akamwona mwanamke wa miaka thelathini ameketi, furushi magotini.

"Samahani kwa vumbi, dada."

"Si neno, kaka. Treni ya saa nne imeshapita?"

"Hata reli yenyewe iling'olewa, dada."

"Ala! Basi nimechelewa."

Uani, Mama Gi-cheol, mke wa Mzee Maeng, alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la kabichi za kimchi, achari ya Kikorea. Ana miaka sabini na mmoja. Hakuinua kichwa.

"Huyo ni mimi," alisema. "Muulize kama ana kiu."

Alikuwa na kiu. Fundi akampa chai ya shayiri kupitia dirishani, maana mlango ulishikwa na kutu, na huku Mama Gi-cheol akamsimulia mambo yalivyokuwa. Mwaka ule Mama Gi-cheol alipata kazi ya kushona mjini Daegu, akafunga furushi. Mumewe hakugomba. Alisema, panda, nitakupeleka stesheni. Kisha akashuka kutazama injini, akakawia huko, akarudi na turubai. Jioni wakwe wakalia njaa.

"Mimi nikashuka kupika," alisema. "Yeye huyo wa garini hakushuka. Miaka yote hii nimejiita mwoga. Nimejitukana, fundi, wewe acha tu."

Fundi akafungua boneti. Nyuma ya rejeta alikuwapo samaki mkavu aliyezungushiwa uzi mweupe, kama walivyo samaki wa kila gari lililoombewa safari njema pale kijijini: unamfunga samaki, unayamwagia matairi pombe ya mchele, unasujudu, basi. Ila huyu alikuwa akifumbua na kufumba mdomo, na uzi wake haukuishia kwake. Ulipita kwenye tundu la nyaya, ukaingia ndani, ukafungwa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa yule dada.

Fundi Tak ana koleo sita. Lakini fundi hakati uzi wa ombi la mtu. Aliyeufunga ndiye anayeufungua. Akamwendea Mzee Maeng barazani.

"Mzee, njoo ufungue uzi nianze kazi."

"Ili gari lipate ajali?"

"Halijatembea miaka arobaini na mmoja, mzee."

"Unaona sasa? Na ajali halijapata."

Mama Gi-cheol akainuka na kisu chake cha kabichi. Aliutazama ule uzi mwanzo hadi mwisho, akautambua. Ulikuwa wake wa kushonea, ule alioutafuta asubuhi ya safari asiuone. Akamgeukia mumewe barazani.

"Kumbe si woga," alisema. "Kumbe ulinifunga, Baba Gi-cheol."

"Hebu nipunguzie kelele. Nani angempikia mama yangu?"

Mama Gi-cheol akaweka kisu kwenye uzi. Kisu kilichokata kabichi sitini tangu alfajiri hakikukata hata unyuzi mmoja.

"Jaribu wewe, fundi. Mikono unayo."

Fundi akaangalia koleo zake, akamwangalia mzee, akasema yeye ana familia na hataki nuksi kwenye gereji yake.

Kazi ikaanza. Mzee alitaka kupelekwa harusini kwa mjukuu wake ndani ya gari hilo, likiwa vilevile kama siku ile. Fundi akatoa daftari, akaandika: matairi manne, breki, tanki la mafuta, nyaya zote. Mzee akaongeza jambo moja la mwisho, nalo likaandikwa: kiti cha abiria kisiguswe.

"Kaka," dada aliita dirishani, "ukimaliza, litafika Daegu?"

"Litafika bila wasiwasi, dada."

"Basi nangoja."

Mama Gi-cheol alirudi kwenye beseni. Kifundo cha mkono wake wa kushoto, ambacho daktari amekitibu baridi yabisi miaka nenda miaka rudi, kilikuwa kinauma, na sasa alijua kwa nini. Akakisugua kwa maji ya chumvi. Kabichi zilikuwa zimebaki arobaini, na Mzee alikuwa ameshauliza chakula cha mchana.