Eda ya Gari la Baba

Kwa mwezi mzima sikuligundua jambo lililokuwa mbele ya macho yangu, mpaka nilipoliota usiku wa jana: gari la marehemu baba halikuwa bovu. Lilikuwa limekaa eda.

Niko katika banda lililo nyuma ya nyumba yetu, Pangani, nimeinamia boneti. Tumekwisha kubadilisha plagi, tumesafisha tangi la mafuta, tumetoa kiota cha panya katika bomba la moshi, na bado gari haliwaki. Kaka yangu Shekue amekubaliana na mnunuzi wa vyuma chakavu kwamba lisipowaka kabla ya adhuhuri, lichukuliwe likakatwe. Nami nimeitikia, maana sina hoja. Ninapovuta shuka jeupe lililolifunika tangu siku ya mazishi, gari linanishika mkono kwa waipa.

"Rudisha shuka langu, mwanangu," linasema. "Mimi ni kizuka, mjane aliye edani."

Naomba radhi, narudisha shuka. Kisha nauliza, kwa adabu, ni eda ya nani.

"Ya baba yako. Mama yako aliniita mke mwenzake maisha yake yote ya ndoa. Alilalamika kwamba mimi naogeshwa kila Ijumaa na yeye hata ndoo habebewi. Siku ya msiba akanifunika shuka jeupe, akaniambia, 'Kaa hapo, mwenzangu.' Nikakaa."

"Lakini ni miaka mingi sasa, mama mdogo. Eda ni miezi minne na siku kumi."

"Hesabu naijua. Aliyetolewa ni yeye. Mimi hakuna aliyekuja kunitoa, na mwanamke mwenye heshima hajitoi. Halafu wewe unaniletea betri ya dukani, mwanamume wa kando kabisa. Ningepokeaje umeme wake?"

"Nami niliona haya tangu mwanzo," inasema betri, ikigeukia ukutani.

Maelezo hayo yananitosheleza. Nashangaa tu kwamba hayamo katika kitabu cha maelekezo ya gari.

Banda sasa ni sebule ya mama. Udi unafuka, na gari limeketi juu ya mkeka, limekunja magurudumu. Mama, Bi Mwanahija, amesimama mlangoni na ndoo ya maji ya marashi. Hashangai hata kidogo.

"Kumbe wewe bado umo edani?"

"Nani angenitoa? Mwenzangu ulikwisha kupaka hina, ukaenda harusini Korogwe."

"Nilikwenda kwa basi, nikasimama njia nzima. Hilo likutulize roho."

"Limenituliza kidogo," linakiri gari.

Mama anaanza kuliogesha, upande wa kulia kwanza. Kutu inadondoka kama maganda ya vitunguu, na chini yake inatokea rangi ya samawati niliyoidhani imekufa. Mimi nimegeukia ukutani pamoja na betri, kama inavyostahiki.

"Hodi," inasema sauti nje.

Ni mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, imevaa kanzu na koti. Nyuma yake wamesimama washenga wawili, msumeno na nyundo, wameinamisha vichwa.

"Tumesikia kuna mjane anatoka eda," inasema mizani. "Tumekuja kuposa."

"Mbona hata maji hayajakauka mwilini?" anauliza mama.

"Adhuhuri haingoji, bibi. Bwana Shekue amekwisha kutoa kauli. Huyu kijana naye ameitikia. Na mwenyewe, kama mnavyomwona, amenyamaza. Kunyamaza ni kukubali."

Wote wananitazama. Nataka kusema kwamba nimebadili shauri, lakini kinywa changu kimejaa nati. Nazitema moja moja, kila moja inasema "samahani" inapogusa sakafu, na hazipungui. Msikitini, muadhini anasafisha koo.

Mama anaweka ndoo chini.

"Kunyamaza ni ridhaa ya mwanamwali, bwana. Huyu ni mjane. Mjane husema kwa sauti yake mwenyewe."

Mizani inatikisa mshale wake, inafikiri. "Ni kweli," inasema. "Basi na aseme."

Gari halisemi. Mama analifunga kanga mpya juu ya boneti, anainama karibu na taa ya kushoto.

"Mwenzangu," anasema polepole, "nakuhitaji. Magoti yangu hayapandi tena ngazi za basi. Kaburi la bwana wetu liko Muheza, na tangu mwaka juzi sijalizuru. Wakikukata, nitakwenda na nani?"

"Ungesema hivyo mapema," linajibu gari.

Linakohoa moshi mweusi. Linakohoa moshi mweupe. Kisha linasema "Sitaki," kwa sauti ileile ambayo injini hutoa inapowaka, na vikombe vyote kabatini vinatetemeka.

Mshale wa mizani unarudi kwenye sifuri.

"Tumesikia," inasema. "Kila mtu na riziki yake."

Washenga wanaomba maji ya kunywa, wanapewa, wanashukuru, wanaondoka.

Naendesha katikati ya mashamba ya mkonge. Jua ni kali na mama ameketi mbele.

"Mwendeshe kama mtu mzima," ananiambia.

"Mwache," linasema gari. "Miguu yangu imekufa ganzi, nataka kukimbia kidogo."

Kisha wanaanza kumsema baba.

"Kwako alikuwa anakoroma?" anauliza mama.

"Alikoroma hata kwenye foleni ya kivuko."

"Na kuimba?"

"Usinikumbushe, mwenzangu. Dirisha lilikuwa limefungwa."

Mama anacheka mpaka mtandio unamwanguka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Nimeamka kitandani kwangu. Mwezi huu wote nimeshinda kivulini, bandani. Hata hivyo mkono wangu wa kulia, kuanzia kiwiko hadi kifundo, umeungua jua, kama wa dereva aliyeuegemeza dirishani mchana kutwa. Wa kushoto haujaguswa.

Nilimsimulia mama tulipokuwa tukinywa chai. Aliinuka, akaenda kuchota maji ya kuliogesha gari. Gari limewaka kabla ya adhuhuri. Shekue amemwambia mnunuzi wa vyuma asije tena, na mama hatapanda basi.